Jina Alilolitaja Germain Kabamba

Jeep ilikuwa imekwisha kupita reli, na mtaa wa Panda uko nyuma, wakati jiwe la kwanza lilipogonga mlango. La pili likapita juu. Dereva Jimmy akakanyaga mafuta, akasema pasipo kugeuka:

“Chef, muambie huyu ainame. Banatafuta ye, lakini kiyoo ni ya Serikali.”

Samy hakuinama. Alikaa nyuma na pingu mikononi, bado amevaa shati la jukwaani lenye viraka vya rangi saba, maana tangu Jumapili hakuna mtu wa kwao aliyethubutu kumletea jingine. Kando ya barabara watu walijipanga kama wanaongoja askofu. Mwanamke mmoja mnene alikimbia sambamba na gari, viatu mkononi.

“Muloji! Muchawi! Umetukulia Papa Malonga yetu!”

“Huyu mama ana pumzi,” Jimmy akasema. “Akikimbia hivi atafika gereza ya Buluo mbele yetu.”

Papa Malonga ndiye marehemu. Jina lake la ubatizo ni Germain Kabamba, mtoto wa kambi ya wafanyakazi, baba yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba. Malonga ni jina la jukwaani, la yule baba mlafi mwenye tumbo la nguo zilizokunjwa, ambaye kwa miaka zaidi ya arobaini aliwachekesha watu wa Likasi katika ukumbi wa Cercle, sale kama wanavyouita. Katikati ya miaka hiyo Wazungu wakaja kutengeneza filamu kwenye machimbo ya Kamatanda, wakamchukua yeye na wanne wa kundi lake, na filamu ile ikampandisha ndege mpaka tamasha la Ouagadougou. Akarudi na sanamu ndogo ya shaba nyeusi, akaiweka juu ya kabati la vyombo, akaendelea kuvaa kandambili.

Jumapili, katikati ya mchezo, alikunywa kikombe cha munkoyo, togwa ya mahindi, alicholetewa na Samy. Akaketi chini. Akasema “Samy”. Akasema tena, na tena. Halafu hakusema neno. Watu walicheka muda mrefu kabla ya kujua kwamba amekufa.

Daktari aliandika kwamba ni moyo. Familia ikaiona karatasi, ikairudisha. Mtu anayekufa akitaja jina, amemtaja aliyemuua: hapo wazee wa Kasai na wazee wa Katanga, ambao kwa mengine hawapatani, wanasema sauti moja. Watu wakauliza Samy ni nani. Wakaambiwa: ni yule kijana aliyecheza mpwa, aliyeleta kikombe. Walipomkamata, kijana alisema maneno mawili tu: “Ni minye,” yaani mimi.

Inspekta Michée Mbuyamba hakupenda mtu anayekiri upesi. Aligeuka kwenye kiti cha mbele.

“Ulitia nini mu munkoyo?”

“Sumu.”

“Sumu ya nini?”

“Ya panya, chef.”

“Ulinunua wapi?”

“Ku soko.”

“Soko gani? Ku nani?”

Samy akatazama nje. “Soko, chef. Panya iko kila mahali.”

“Uliitia mbele ya kupeleka kikombe?”

“Mbele. Yote.”

Michée akatoa simu iliyochukuliwa kwa mtazamaji mmoja, iliyonasa mchezo ule. Alikuwa ameitazama picha hiyo mara nyingi, na kila mara alimtazama mzee. Asubuhi ile ndipo alipoacha kumtazama mzee, akatazama kikombe. Akamwekea Samy mbele ya macho.

Katika picha, Malonga yuko chini. Mzee mwingine wa kundi, Séraphin, aliyecheza mgeni, anakiokota kikombe, anakiinua kwa watu. “Mwenye nyumba akilala, mugeni anakunywa!” Anakigida mpaka tone la mwisho, anajipangusa kwa mkono. Sale inalipuka kwa kicheko.

“Unamuona?” Michée akauliza. “Jana ku kilio nilimuona tena. Alikula bukari masahani mbili. Panya yako inachagua batu?”

Samy akazungusha pingu mikononi.

“Juu ya nini unajifunga weye mwenyewe?”

“Chef, minye nilimuua. Andika ile tu.”

Walifika Buluo. Lango lilifunguliwa, kijana akashuka, akaingia pasipo kuangalia nyuma. Michée akabaki ndani ya jeep na dosiye, faili ya kesi, juu ya magoti. Aliandika: “Anakiri.” Chini yake akaandika: “Anadanganya.” Akaona maneno hayo mawili hayawezi kukaa ukurasa mmoja mbele ya mwendesha mashitaka, akafuta la pili.

“Tunarudi?” Jimmy akauliza.

“Tunaenda ku kilio.”

*

Uwanja wa nyumba ya marehemu, Panda, ulifunikwa kwa turubai. Wanawake kwenye mikeka, wanaume kwenye viti vya plastiki, na katikati, juu ya meza, televisheni ya jirani ikivutwa na jenereta. Walikuwa wanaonyesha filamu ya Kamatanda. Ilikuwa imepigwa tangu Jumatatu, ikiisha inaanzwa upya.

Mjane Rosalie alikuwa amekaa kwenye godoro chini, kitambaa cheusi kichwani. Michée akavua kofia, akachuchumaa.

“Pole tena, mama.”

“Asante, Papa Inspecteur. Mumeshamufunga?”

“Eko Buluo.”

“Muzuri. Kesho tunazika. Vijana banasema wakitoka ku makaburi banapita kwanza ku nyumba ya mama yake na petroli. Nikabaambia bafanye yenye roho yao inabaambia.”

“Mama, ile ni nyumba ya mujane. Sawa weye.”

“Sawa minye? Minye nilizaa muloji?”

Michée aliacha hilo lipite. “Samy alikuwa na neno na mzee?”

“Alitaka kuwa Malonga. Bote baliyua ile. Germain alimufundisha kutembea, kukaa, ata kukohoa. Na kisha? Njo hii malipo yake.” Akajipiga kifua. “Muntu mwenye kufa habongopi. Jina alilisema.”

Hilo la kutaka kuwa Malonga lilikuwa jambo la kufuatwa, na Michée alilifuata palepale kwa wazee waliokaa. Likafa mikononi mwake. Mwezi uliopita Germain mwenyewe alisimama kanisani baada ya misa, akatangaza kwamba Noeli atamwachia Samy tumbo lake na fimbo yake. Nani anamuua mtu kwa kitu ambacho amekwisha kupewa?

Akakaa. Mtu akamsogezea kiti. Kwenye televisheni Germain, bado kijana wa miaka arobaini, alikuwa shimoni, na watu wanne juu wanashika kamba. Kila mtu wa Likasi anaijua sehemu hii. Kamba inateleza, Germain anaita, wale wanne wanasimama kama waliokufa macho wazi, na kimya kile kinakaa, kinakaa. Inasemekana Wazungu waliandika kurasa nyingi juu ya kimya kile.

“Séraphin!” Germain akaita kutoka ndani ya televisheni.

Michée alikuwa amelisikia tangu ujana wake. Leo akainua kichwa. Akamtafuta Séraphin, akamkuta penye sufuria na sahani yake.

“Vieux, mu hii filime unaitwa nani?”

“Kapita, chef. Musimamizi wa kamba.”

“Mwanzo mupaka mwisho?”

“Mwanzo mupaka mwisho.”

“Sasa juu ya nini anakuita Séraphin?”

Mzee akatafuna polepole. “Kamba iliteleza ya kweli. Iko na siri gani? Muzungu aliona ni muzuri, akaiacha mule.”

“Na ninyi bane bote mulisimama. Ata ule wa nyuma, mwenye hakuona kamba.”

“Eee.”

“Muntu akiona hatari anakimbia, ao anapiga kelele. Mulisimama juu ya nini?”

Séraphin akaweka sahani chini. Bukari, ugali wa huko, ilikuwa bado nusu.

“Uliza Delphine,” akasema. “Minye niko mugonjwa ya tumbo.”

“Tangu saa gani?”

“Tangu umefika.”

*

Delphine, mkuu wa kundi, alikuwa peke yake kwenye sale ya Cercle, anakunja nguo za mchezo. Mama wa miaka sitini na kitu, mkavu, mwenye sauti iliyozoea kufika viti vya nyuma.

“Maandishi ya mchezo iko wapi, mama?”

“Maandishi?” Akacheka kidogo. “Hapa hakuna papier. Asubui ninabaelezea hadithi: huyu baba, huyu mpwa, kuku imepotea. Maneno kila muntu anaitafuta mwenyewe mbele ya batu. Neno yenye mwenzako anatupa, unaidaka. Haukatae. Ukikataa, mchezo inakufa.”

“Akisema niko mufalme?”

“Unapiga magoti.”

“Akisema niko nakufa?”

Delphine alikuwa anakunja suruali. Akaikunjua, akaikunja tena.

“Unalia,” akasema. “Ao unamupima sanduku. Batu banapenda ile.”

“Na kama anakufa kabisa?”

Michée akasogeza benchi, akaketi. “Nimetoka kuangalia filime, mama. Germain anaita jina ya ubatizo, na batu bane banasimama sawa saa imekatika. Jumapili aliita jina ya ubatizo. Hakuna mwenye alisimama. Kati ya hizi mbili kuna neno. Unipe.”

“Ni sheria yake,” Delphine akasema mwishowe. “Zamani sana, kule kambini, Doudou mwenzetu alishika moto na lampe. Analia, na batu banacheka, na shiye tunamujibu mambo ya kuchekesha juu tulizania anatupa neno. Alikufa ku lopitali. Nyuma ya pale Germain alisema: ku jukwaa hakuna jina ya kweli, ata mara moja. Siku unasikia jina yako ya kweli, mchezo imekufa. Kila muntu anasimama, rido, ile pazia ya mbele, inashuka.”

“Donc, basi, hakumutaja muuaji.”

“Hapana.”

“Alikuwa anaomba musaada.”

“Ndiyo.”

“Rido inashikwa na nani?”

Akaangalia mikono yake. “Na minye.”

“Ulisikia jina?”

“Inspecteur, unielewe. Mwaka moja Kolwezi, yeye mwenyewe aliivunja ile sheria. Aliita Delphine, nikashusha rido, nikakimbia, nikamukuta anacheka na batu banacheka. Tangu siku ile, jina ikiitwa, muntu anajiuliza kwanza. Ni yeye alituharibu masikio.”

“Mara moja, Delphine.”

Séraphin alikuwa mlangoni. Alikuja kwa miguu, vumbi mpaka magotini.

“Mara moja tu, na njia yote ya kurudi Likasi alilia, akatuomba pardon moja moja. Weye ulimupangusa pua. Usimutupie yeye. Eko mu sanduku.”

Delphine akaketi juu ya nguo alizokunja.

“Nilisikia,” akasema. “Mara ya kwanza nikasikia. Kamba iko mu mukono. Miaka mingi tunachezea viti tupu, inspecteur, batu banabaki na simu yao nyumbani. Jumapili balijaa, bengine kwenye madirisha. Na ile kicheko... Nikasema, acha imalizike, nitashusha. Haikumalizika.”

“Na weye, vieux?”

“Minye nilikunywa munkoyo,” Séraphin akasema. “Nilisikia jina, nikaona kikombe, nikaona batu. Nikakunywa.”

“Kijana amejitwika sumu yenye haiko. Na muko mumenyamaza.”

“Kila asubui nilisema kesho,” Delphine akajibu.

Michée akaandika maelezo yao, akaweka karatasi na kalamu juu ya benchi. Hakuwaficha kitu: wakitia sahihi, Samy anatoka, lakini wao wanakuwa watu waliojua mwenzao anakufa na hawakuinua mkono. Sheria ina kifungu cha hilo.

“Buluo iko na nafasi ya wazee?” Séraphin akauliza.

“Iko na nafasi ya kila muntu.”

Séraphin akatia sahihi kwanza, polepole, herufi kubwa. Delphine hakuigusa kalamu.

“Batu banakuja kila siku kunishika mukono, banasema, mama, umebakia weye tu. Nikiandika hapa, nitabakia na nini?”

“Sahihi moja ya mzee haitoshi. Batasema ameanza kuchanganyikiwa.”

“Naomba mupaka kesho.”

“Kesho banachoma nyumba ya mama yake Samy.”

Delphine akaisogeza karatasi kando. Michée akachukua kalamu yake, akaondoka.

*

Buluo, chumba cha maulizo. Samy alikuwa amepewa shati jingine, kubwa mno kwake.

“Ninayua sheria ya jina,” Michée akasema.

Kijana akafunga macho. “Nani alikuambia?”

“Germain. Mu filime. Sasa unijibu moja tu. Mu ile picha, ulipomujibu ‘Samy ni nani, alienda Kolwezi na kuku yako’, uliyua anaomba musaada?”

“Mara ya kwanza sikuyua. Nilizania anachezea minye, sawa Kolwezi ile wanayosimulia.”

“Mara ya pili?”

“Niliyua.” Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja umri wake. “Nilimuona macho. Lakini sale yote ilikuwa inacheka, chef. Na walikuwa wanacheka minye. Si yeye. Tangu nianze, haijafanyika. Nikamutupia ingine.”

“Na mara ya tatu?”

“Nilikuwa nangoja batulie, wasikie neno yangu ingine muzuri.”

Nje mfungwa mmoja alikuwa anafagia, ufagio unakwaruza saruji.

“Sumu, juu ya nini?”

“Sumu batu banaielewa. Banayua namna ya kunichukia. Ile ingine, nitaeleza nani?” Akafuta uso kwa mkono wa shati. “Donc nilimuua ao sikumuua?”

“Hilo si swali la polisi.”

“Ni ya nani?”

Michée akakusanya karatasi. Alimwambia mlinzi ampeleke.

*

Siku ya maziko jeneza lilikuwa limekwisha kuinuliwa. Nje ya uzio vijana walisimama na kidumu cha njano, hawakujali kukificha. Michée alikuwa amempanga Jimmy na askari wawili mbele ya nyumba ya mama yake Samy. Zaidi ya hao hakupewa.

Delphine akaingia uwanjani peku. Wabebaji wakasimama, maana aliketi katikati ya njia, chini, kwenye vumbi, mbele ya Rosalie. Akasema yote. Sauti yake ilifika mpaka uzio. Alisema sheria, alisema kamba ya rido, alisema kicheko alichokingoja kiishe. Hakuitaja Kolwezi.

Alipomaliza, kijana mmoja mwenye kidumu akapiga kelele: “Basi ni beye bote! Tuwachome bote!”

“Nyamaza,” Rosalie akasema.

Akatoka kwenye godoro. Hakumpiga Delphine, kama wengi walivyongoja. Aliketi chini naye, magoti kwa magoti.

“Nilikuwa pa kiti ya mbele,” akasema. “Miaka makumi tatu na ine ninalala na ule muntu. Ninayua anavyoanguka akichezea, ninayua anavyoanguka nyumbani. Niliona mukono yake ya kushoto imelegea. Nikasema, leo mzee amepata namna mpya. Nilicheka, Delphine. Nilicheka mupaka kitambaa ilitoka kichwani, ikaniangukia mu magoti, na bado nilicheka.”

Wengi wa waliosimama uwanjani walikuwa sale siku ile. Mmoja akatazama viatu vyake, mwingine akaanza kurekebisha kamba ya turubai iliyokuwa imekazwa vizuri. Yule mwenye kidumu akakiweka nyuma ya mguu.

“Muinue,” Rosalie akawaambia wabebaji. “Jua inapanda.”

Delphine akabaki chini. Michée akachuchumaa na dosiye, akampa kalamu, naye akatia sahihi juu ya goti lake wakati jeneza likimpita.

Germain Kabamba alizikwa siku ile kabla ya adhuhuri. Mwendesha mashitaka aliwaita Delphine na Séraphin, akawaweka mbele yake nusu siku, kisha akafunga dosiye kwa karatasi ya daktari: moyo. Samy alitoka Buluo juma lililofuata. Hakurudi jukwaani, alienda Kamatanda, anachimba na wengine, na siku za mapumziko halewi wala hasemi sana. Mama yake alihamia kwa dada yake Kambove, ingawa nyumba haikuchomwa. Delphine aliwapa watawa nguo za mchezo, wakazikata kuwa nguo za watoto. Anauza mikate asubuhi. Séraphin alikufa msimu wa mvua, kwa tumbo. Rosalie aliuza televisheni ambayo kundi lilimnunulia baada ya maziko kwa ajili ya kumbukumbu, sanamu akaiacha juu ya kabati. Jimmy anaendesha jeep ileile. Kioo kilipasuka mwaka uliofuata, kwa sababu nyingine. Michée alihamishiwa mpakani Kasumbalesa, anashughulikia malori. Sale ya Cercle ilipewa jina la Germain Kabamba, kwa rangi nyeupe juu ya mlango, na sasa wanafanyia humo harusi. Viti vilijaa Jumapili ile aliyokufa, na wengine walisimama madirishani. Lakini ukiuliza Likasi leo ni nani aliyekuwa ndani, kila mtu alikuwa amesafiri.